Hodi Mlangoni mwa Hula

Mara ya kwanza tulipopiga hodi hatukufunguliwa. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, wote wageni katika hula, ngoma ya jadi ya Hawaii, tumesimama peku kwenye kibaraza cha saruji huko Honolulu, jioni, rasharasha ikishuka kutoka milima ya Koʻolau. Hodi yenyewe si neno moja. Ni ubeti unaoghanwa kwa pamoja nje ya mlango, na mwalimu hukaa ndani na kibuyu chake cha kupigia mdundo akisikiliza. Akiridhika hujibu kwa ubeti wake wa kukaribisha, nanyi mkaingia. Siku ile hakujibu. Tukaghani tena, kwa nguvu zaidi. Kimya. Mara ya tatu sauti yake ikatufikia, wala haikuwa ya kuimba.

"Mnajua mnachokisema?"

Hatukujua. Tulikuwa tumekariri sauti tupu. Akatuambia turudi nyumbani tukajifunze neno moja moja, tuje wiki ijayo.

Nimezaliwa na kukulia Tanga, na kwetu anayepiga hodi mara tatu bila kuitikiwa huondoka bila kinyongo. Adabu hiyo niliifahamu. Jambo lililonishangaza, nikalibeba hadi kituo cha basi na hadi kitandani, ni kwamba ngoma inaweza kukukataa mlangoni kwa sababu hujaelewa maneno yake.

Nilikuwa nimefika Hawaii mwaka ule wa 2017 kwa masomo, nikiwa na picha ile ile aliyonayo kila mtu: minazi, msichana anayetabasamu, sketi ya majani, kiuno. Hata hiyo sketi ya majani makavu si ya kwao. Vibarua kutoka visiwa vya Gilbert, leo Kiribati, ndio walioingia nayo katika karne ya 19. Wacheza hula wa kale walifunga kapa, kitambaa kinachopondwa kutoka magome ya mti. Kiuno ndiyo, kipo, na mtu wa Tanga hawezi kutishwa na kiuno. Lakini kwa miezi mitatu ya mwanzo hatukukigusa. Tulikaa sakafuni tukajifunza maneno.

Mwalimu wa hula huitwa kumu, na kumu kwa Kihawaii ni pia shina la mti, tena ni chanzo. Chuo chake ni hālau. Wanawake wazima wa darasani tuliwaita wote Anti, wawe ndugu au wasiwe, jambo lililonifanya nijihisi niko nyumbani tangu siku ya kwanza. Na kitovu cha yote ni mele, yaani shairi. Mele hutangulia, mikono, macho na miguu huifuata. Ipo mele ya kusifu jina la mtemi, ipo ya kusifu mahali, na mahali penyewe hutajwa pamoja na upepo wake na mvua yake, maana mvua ya bonde moja ina jina na mvua ya bonde la pili ina jina jingine. Ukiondoa mele, mikono inayobaki hewani haisemi kitu.

Chini ya maneno ya mele kuna maana ya ndani waiitayo kaona. Wenzangu wa kutoka bara la Marekani walihitaji jioni nzima kuelezwa kaona ni nini. Mimi nilielewa kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Ni fumbo. Aliyekua akisikiliza taarabu, au aliyewahi kumwona mama akichagua kanga dukani huku akimfikiria jirani, hahitaji somo hilo. Ua linalotajwa si ua. Mvua inayolowesha jani la maile huenda ni mtu amelala na mtu. Mele moja inaweza kuimbwa mbele ya umati mzima, na mtu mmoja tu ndiye akajua kwamba anaambiwa yeye.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma historia ya kupigwa marufuku kwa hula, niliisoma nikitafuta maneno yalikwenda wapi.

Kwa kawaida husimuliwa kwa kifupi: wamisionari walikuja wakaikataza, mfalme akairudisha. Niliamini hivyo kwa muda. Mambo yalikuwa na mikunjo zaidi. Kamehameha, aliyeviunganisha visiwa chini ya utawala mmoja, alifariki Mei 1819. Miezi michache baadaye mjane wake Kaʻahumanu na mfalme mpya Liholiho wakavunja mwiko mkuu wa nchi: wanaume na wanawake wakala pamoja hadharani. Wahawaii huuita mwiko kapu. Mahekalu yakachomwa, sanamu zikateketezwa. Wakati huo merikebu iitwayo Thaddeus, iliyobeba wamisionari kutoka Boston, ilikuwa bado njiani baharini. Ilipotia nanga Kailua, kwenye kisiwa kikubwa, Aprili 1820, ilikuta nchi imeshajing'oa yenyewe kutoka katika dini yake.

Hula ilikuwa sehemu ya dini ile. Chuo kilikuwa na madhabahu ya Laka, mungu wa kike wa hula, yenye majani ya maile na palapalai na maua ya lehua, na kipande cha mti wa lama kilichofunikwa kapa. (Mimi ni Mwislamu, na suala hili nililiuliza mapema, faraghani. Mwalimu wetu, ambaye huenda kanisani kila Jumapili, alinijibu kwamba majani anayoweka ukumbini ni heshima kwa msitu na kwa waliomtangulia, na kwamba kila mwanafunzi anajua mwenyewe anamwomba nani. Nikaridhika.) Hiram Bingham, kiongozi wa wale wamisionari, aliwaona watu wengi wakicheza kwa siku kadhaa mfululizo, naye akaona mambo mawili: ibada ya sanamu na uasherati. Kaʻahumanu alibatizwa Desemba 1825, akapewa jina Elisabeta. Mwaka 1830 akatoa amri kwamba hula isichezwe tena hadharani.

Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hupita mbio. Amri ile ilitoka kinywani mwa mwanamke wa Kihawaii, mwenye nguvu kuliko mtu yeyote visiwani. Na aliitoa wakati watu wake wanakufa. Tangu meli za James Cook zifike mwaka 1778, maradhi yaliyokuja na mabaharia yalikuwa yakifagia vijiji. Makadirio mengi huwahesabu watu wa kabla ya hapo kwa mamia ya maelfu; ilipofika sensa ya 1890, Wahawaii asilia pamoja na machotara walikuwa takribani 40,000. Mtu anayezika kila wiki, ambaye miungu ya zamani haikumsaidia na hekalu lake ameshalichoma, atamsikiliza anayekuja na neno jipya. Simtetei Kaʻahumanu. Nasema namwelewa.

Alifariki 1832. Mwaka uliofuata mfalme kijana, Kauikeaouli, akaasi waziwazi, na hula ikarudi barabarani kwa muda, kabla ya wazee wa kanisa na machifu kumvuta tena. Mashambani amri haikuwahi kushika kama ilivyoshika bandarini. Watu walicheza. Kilichobadilika ni kwamba walianza kuangalia nyuma ya bega.

Halafu ikaja sheria ya pili, na hii kwangu ni ya kikatili zaidi kwa sababu haikusema hula ni dhambi. Ilisema hula ilipiwe. Kanuni za Ufalme za mwaka 1859 zilitaka kila onyesho la hula la malipo liwe na leseni, ada yake dola 10, na leseni hiyo itolewe Honolulu pekee. Ili uelewe uzito wa dola 10: vibarua wa Kichina walioletwa kwa mkataba mwaka 1852 kufanya kazi mashambani walilipwa dola 3 kwa mwezi. Mashamba ya miwa yalikuwa yanapanuka, yalihitaji mikono, na wenye mashamba na wachungaji walilalamika kwa sauti moja kwamba hula inawafanya watu waache kazi. Nilipoisoma sheria ile nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa kungwi upande wa Pangani. Mama husimulia jinsi siku za kumtoa mwali zilivyoanza kwa mtu kutumwa kuomba kibali cha ngoma, na jinsi ngoma ilivyokuwa haina raha mpaka karatasi ifike. Kuna namna ya kuifanya furaha ya mtu iwe kama kosa bila hata kuikataza.

Lakini maneno yalikuwa yamepata pa kujificha, na mahali penyewe ni pale ambapo wamisionari hawakupatarajia. Wao ndio walioleta mashine ya kupiga chapa. Wao ndio waliokiandika Kihawaii kwa herufi na kuwafundisha watu kusoma, ili wasome Biblia. Wahawaii wakasoma Biblia, kisha wakaanzisha magazeti. Mwaka 1861, miaka miwili tu baada ya sheria ya leseni, likatoka Ka Hoku o ka Pakipika, yaani Nyota ya Pasifiki, gazeti lililokuwa mikononi mwa Wahawaii wenyewe. Humo, toleo baada ya toleo, ikachapwa hadithi ndefu ya Hiʻiaka, mdogo wake Pele, mungu wa kike wa volkano. Ni katika kisa hicho Hōpoe anamfundisha Hiʻiaka hula kwenye pwani ya Puna, na ndani yake mele zimejaa, moja baada ya nyingine. Mwili ulikuwa unatozwa dola 10. Maneno yalikuwa yakisomwa kwa sauti barazani. Magazeti ya Kihawaii yaliendelea kutoka, kwa majina mengi tofauti, kuanzia 1834 hadi 1948. Nimeyaona katika maktaba ya chuo, kurasa za mistari iliyobanana, na mara nyingi mele ipo katikati ya tangazo la nyumba na habari ya msiba.

Mmoja wa wahariri wa Nyota ya Pasifiki alikuwa kijana aitwaye David Kalākaua. Mwaka 1874 akawa mfalme.

Alipotawazwa rasmi, Februari 12, 1883, mbele ya jumba jipya la ʻIolani, alifanya jambo ambalo kwa miaka hamsini lilikuwa halifanyiki: aliita wacheza hula kutoka kila upande, wazee waliokuwa wameficha kibuyu darini, wakacheza mbele ya mabalozi na wachungaji. Ratiba ya hula hizo ilipigwa chapa, Papa Kuhikuhi o nā Hula Poni Mōʻī. Na kwa sababu ya karatasi ile watu walipelekwa mahakamani, akiwemo mchapaji mwenyewe, kwa shtaka la kuchapa uchafu. Kati ya mele zilizoorodheshwa zilikuwemo za kusifu sehemu za uzazi za watemi. Hizo zina nafasi yake ya heshima: ukoo wa mtawala hauendelei kwa hewa, na anayetungiwa mele ya namna hiyo ametakiwa watoto wengi. Aliyepita unyagoni hahitaji kuelezwa. Kuna nyimbo ambazo ukiziandika na kumpa mgeni azisome kavu zitamtoa jasho, na hizo hizo bibi yangu aliziimba kwa uso uliotulia kama anayesoma dua, kwa kuwa alikuwa anafundisha uhai. Nafikiria mahakama ile mara nyingi, na nyimbo zile zikitolewa ukumbini mwake na kuwekwa mezani zipimwe.

Novemba 1886 mfalme alitimiza miaka 50, na hula ikachezwa tena kwa siku nyingi. Safari hii ilikuwepo hula kuʻi, yaani hula ya kuunganisha, ya zamani na mpya pamoja, na ndani yake ukulele, gitaa dogo lililotokana na ala ya Wareno wa Madeira waliofika kwa meli mwaka 1879. Nalipenda hilo. Mtu anayedhani utamaduni halisi ni ule usiogusa kitu kigeni atazame mfalme huyu alivyoipokea ala iliyofika bandarini juzi tu, akaikalisha jirani na ngoma iliyowambwa ngozi ya papa.

Yaliyofuata niyapitie upesi. Mwaka 1887 Kalākaua akalazimishwa kusaini katiba iliyomnyang'anya madaraka. Akafariki San Francisco Januari 1891. Dada yake, Malkia Liliʻuokalani, akapinduliwa Januari 17, 1893, na wafanyabiashara wenye mashamba, askari wa majini wa Marekani wakiwa wameshuka kutoka meli ya kivita. Mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa, ingawa mwaka uliotangulia zaidi ya Wahawaii 21,000 walikuwa wametia saini kupinga. Kati ya matukio hayo makubwa kuna moja dogo ambalo halichorwi kwenye picha: sheria ya 1896 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Watoto waliozungumza Kihawaii waliadhibiwa, na wakakua wakiwa wazazi wasiotaka wanao wapitie yale. Hilo ndilo pigo ninalolihofia kuliko amri ya 1830. Kaʻahumanu aliikataza hula isichezwe. Sheria hii ilimtoa yule anayeisikiliza.

Na hapo ndipo hula ikaanza kuonekana kila mahali. Ilikuwa kwenye meli za abiria, kwenye sinema, kwenye kalenda. Kuanzia mwaka 1937 hadi 2002 kulikuwa na onyesho la bure Waikīkī lililoanzishwa na kampuni ya Kodak. Lilifanyika mchana kwa sababu filamu za kamera zilihitaji mwanga, na mwishoni wacheza waliinua mabango makubwa ya herufi yaliyotaja jina: H, A, W, A, I, I. Wanawake wengi walilisha watoto wao kwa kazi ile, na baadhi yao walikuwa mabingwa wenye elimu ya hula kuliko watazamaji walivyoweza kukisia; siwezi kuwasema. Ila kila nilipoitazama picha ile ya herufi ilinichoma. Mele imegeuka alfabeti. Mele nzima yenye mvua na upepo na fumbo lake, na mbele yake umati ambao herufi sita zinautosha.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, kwenye shule iliyoanzishwa mahsusi kwa watoto wa Kihawaii, msichana aitwaye Nona Beamer alifukuzwa kwa kucheza hula ya kusimama. Baadaye alirudi shule hiyo hiyo akafundisha humo kwa miongo mingi.

Sasa, ikiwa sheria iliua masikio na watalii walichukua macho, hula iliyotufikia sisi pale kibarazani ilipita wapi? Ilipita majumbani, kwa bibi na mjukuu. Wahawaii wana desturi waiitayo hānai: mtoto hupewa jamaa amlee, na mara nyingi ni bibi, na mara nyingi kuna jambo anatakiwa kurithishwa. Keahi Luahine wa Kauaʻi, aliyefariki 1937, alimchukua mjukuu wa ndugu yake akiwa mdogo sana. Mtoto yule, ʻIolani Luahine, alikuja kuwa mcheza hula ambaye waliomwona walisema alipocheza alikuwa si yeye. Keahi huyo huyo alimfundisha Mary Kawena Pukui, mzaliwa wa Kaʻū mwaka 1895, ambaye naye alikuwa amelelewa na bibi yake, mcheza hula wa zama za Malkia Emma. Pukui alifanya kazi miaka mingi katika Jumba la Makumbusho la Bishop, akazunguka kwa wazee na kinasa sauti, akakusanya methali na mele, na mwaka 1957, pamoja na Samuel Elbert, akatoa kamusi ya Kihawaii ambayo nakala yake iliyochakaa ilikuwa ukumbini kwetu juu ya kinanda. Neno moja moja tulilorudishwa kwenda kujifunza tulilikuta kwake.

Kuhusu ʻIolani kuna jambo ambalo sikulisoma tu, nililisimamia kwa miguu yangu. Katika uhai wake aliwahi kuwa mtunzaji wa Huliheʻe, jumba la kifalme huko Kailua. Ni Kailua ile ile walikotia nanga wamisionari. Kanisa la mawe la waumini wa kwanza, Mokuʻaikaua, liko ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na jumba. Nilisimama katikati, baharini nyuma yangu kukiwa na mawimbi madogo, nikapima kwa hatua. Unaweza kuita mtu kutoka mlango mmoja hadi wa pili bila kupaza sauti.

Nyumba hizo zilitunza hula kwa kufunga mlango, na kufunga mlango kuna gharama yake. Anti mmoja wa darasani kwetu, mwenye miaka sabini na ushee, alituambia bibi yake alimfundisha hula jikoni akiwa ameketi, kwa mikono tu, dirisha limefungwa, na alipoulizwa maana ya maneno alisema, "Ukikua." Bibi akafariki kabla ya mjukuu kukua. Anti alibaki na mikono. Akaja darasani na mikono ile, na siku moja, katikati ya somo la msamiati, akanyanyuka ghafla akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa analia kwa sababu neno tulilofundishwa, jina la ua fulani, alikuwa amelicheza maisha yake yote bila kulijua. Mimi pia nina wimbo mmoja wa bibi yangu. Nina lahani yake kamili. Maneno yake ninayo mawili.

Waliofungua mlango walijua wanachohatarisha. Maiki Aiu Lake, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifungua darasa la kuwafundisha watu wawe walimu wa hula, jambo ambalo zamani lilikuwa la kuchaguliwa kimyakimya. Wapo waliomlaumu. Lakini kutoka kwake kilitoka kizazi kizima cha walimu. Mmoja wao, Robert Cazimero, alianzisha mwaka 1975 chuo cha wanaume pekee, wakati ambapo wengi walikuwa wameshasahau kwamba hula ni ya wanaume pia. Kuna methali yao: ʻaʻohe pau ka ʻike i ka hālau hoʻokahi, ujuzi wote hauishii katika chuo kimoja. Mwalimu wetu aliitumia kila tulipotaka kubishana kuhusu chuo kipi kinakosea.

Mji wa mvua uitwao Hilo, upande wa mashariki wa kisiwa kikubwa, ulipigwa na tsunami usiku wa Mei 23, 1960, watu 61 wakafa, na mashamba ya miwa nayo yakawa yanadhoofika. Ili kuuinua mji, mwaka 1964 likaanzishwa tamasha kwa jina la utani la Kalākaua, Merrie Monarch. Mwanzoni lilikuwa na mambo ya kuchekesha, hata shindano la wenye ndevu kama za mfalme. Halafu Dottie Thompson na mwalimu wa hula George Naʻope wakalishika, na mwaka 1971 wakaanzisha mashindano ya hula. Leo ndiyo juma ambalo Hawaii nzima hukaa mbele ya televisheni, wiki inayofuata Pasaka. Nililitazama 2018 na 2019 nyumbani kwa yule Anti, tumejazana sakafuni na sahani za wali. Ninachokiheshimu zaidi katika tamasha hilo hakionekani kwenye kioo: kila chuo hutakiwa kuwasilisha kabla maandishi ya mele yake, tafsiri na maelezo ya maana. Waamuzi husoma kwanza. Ni swali lile lile la mwalimu wetu, mnajua mnachokisema?

Na lugha yenyewe ikaanza kurudi bega kwa bega na hula. Katiba ya jimbo ikakitambua Kihawaii kuwa lugha rasmi mwaka 1978. Mwaka 1984 ikafunguliwa shule ya kwanza ya chekechea iitwayo Pūnana Leo, kiota cha sauti, ambamo watoto walizungumzishwa Kihawaii tupu. Sasa wapo wacheza hula ambao mele kwao ni maneno ya nyumbani.

Agosti 2019 nilipanda ndege kwenda Hilo pamoja na wanafunzi wenzangu wanne, kisha gari hadi Puʻuhuluhulu, chini ya Mauna Kea, mita 2,000 juu ya bahari, kwenye mawe meusi ya volkano na upepo unaopenya sweta mbili. Watu walikuwa wameziba njia ya kupanda kilele kupinga darubini kubwa isijengwe katika mlima wanaouona mtakatifu. Mwezi uliotangulia, Julai 17, zaidi ya wazee thelathini walikamatwa wakiwa wameketi kwenye viti vyao katikati ya barabara. Mara tatu kwa siku kambi nzima ilisimama: oli, yaani kughani bila kucheza, kisha hula, walimu mbele, nyuma yao wanafunzi, nyuma yao watoto, nyuma yao sisi. Ngoma ilipolia mamia ya mikono iliinuka kuuelekea mlima. Nilikuwa safu ya mwisho, mgeni mwenye mtandio. Walipoanza mele ambayo tulijifunza darasani, nilisikia mstari wa kwanza, nikajua ni upepo gani unaotajwa, na kinywa changu kikafunguka kabla sijakiamuru.

Tamasha la 2020 halikufanyika kwa sababu ya korona, na mwaka huo nilirudi nyumbani. Mwalimu alituaga kwenye kioo cha simu, kila mtu chumbani kwake. Tulipiga hodi kama kawaida. Sauti hazikulingana hata kidogo, mtandao ukizichelewesha. Alitujibu.

Mwaka 2023 bahasha ikanifikia Tanga kutoka kwa Anti, na ndani yake sarafu moja ya senti 25 ya Marekani, mpya. Serikali ya Marekani ilikuwa imetoa sarafu zenye sura za wanawake, na mmoja wao ni Edith Kanakaʻole wa Hilo, mwalimu wa hula aliyefariki mwaka 1979, mwenye chuo ambacho uzao wake unakiendeleza. Nywele zake zimechorwa zikimwagika na kuwa milima. Pembeni kuna maneno ya Kihawaii: E hō mai ka ʻike.

Nilimpa mama, ameketi barazani anachambua mchele. Akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Imeandikwaje hapa, mwanangu?"

Nikamsomea, kwa sauti, kama tulivyofundishwa, vokali ndefu zikae mahali pake.

"Maana yake?"

"Tupe ujuzi, mama."

"Wanamwomba nani?"

"Waliowatangulia. Na aliye juu."

Akaisogeza karibu na macho. "Na huyu mama ni nani?"

"Kungwi," nikamwambia.

Akaigeuza, akamtazama George Washington kidogo, akairudisha upande wa kungwi. Kisha akaniuliza kama ule wimbo wa bibi bado ninao, na mimi nikamwambia maneno mawili ninayoyakumbuka, naye akaweka ungo chini.